Nani Alimwuliza Rosa? Kujiua kwa Vijana katika Riwaya Tufundishazo

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili hana budi kukutana na vifo viwili. Cha kwanza ni cha Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Cha pili ni cha Kazimoto, katika Kichwamaji ya mwandishi huyo huyo, iliyotoka mwaka 1974. Rosa ni msichana wa shule, kisha mwanachuo wa ualimu. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wote wawili ni vijana, wote wamesoma, wote ni wa Ukerewe, na wote wawili wanajiua. Riwaya hizi zimesomwa na kuhakikiwa kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini, na mwandishi wake, aliyefariki mwaka 2020, amekwisha kupewa sifa anazostahili. Hatuna nia ya kuzirudia sifa hizo. Katika makala haya tumekusudia kuuhakiki uhakiki wenyewe: yale yasemwayo darasani, yaandikwayo katika vitabu vya mwongozo na kuulizwa katika majaribio, pindi ifikapo sura ambamo kijana anajiua. Twaona kwamba hapo ndipo uhakiki wetu ulipo dhaifu kuliko mahali pengine popote, na udhaifu huo unavuka mipaka ya fasihi, kwa kuwa wanaotusikiliza madarasani ni vijana wa umri ule ule wa Rosa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 duniani walikufa kwa kujiua, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 hicho kilikuwa chanzo cha tatu cha vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa hiyo mwalimu asimamaye mbele ya darasa la wanafunzi sitini na kufungua riwaya yenye kifo cha namna hii asidhani kwamba anazungumza habari za watu wa mbali. Pengine yupo aliyefiwa na kaka kwa njia hiyo, na nyumbani wamemwambia aseme ni malaria. Pengine yupo anayelifikiria jambo hilo mwenyewe.

Tuanze na Rosa. Kitabu hiki kilipotoka kilizua ghadhabu, na kwa muda kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Kilichowaudhi wakubwa kilikuwa uwazi wa mwandishi juu ya mambo ya mapenzi, mambo ambayo hadi wakati ule yalisemwa kwa mafumbo. Kifo cha msichana hakikuwa hoja kubwa. Hilo peke yake lafaa kutafakariwa: watu wazima walihofu vijana wasije wakajifunza kupenda, wala hawakuhofu sana jinsi watakavyojifunza kufa.

Marufuku ilipoondoka, yakaja mafundisho. Leo mwanafunzi akiulizwa sababu ya kifo cha Rosa, jibu lake li tayari mfukoni: malezi mabaya. Zakaria ni baba mlevi na mkali, alimpiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, alimnyima uhuru, Rosa alipofika shuleni Mwanza akaupata uhuru asiojua kuutumia, mwisho wa yote akajiua. Hapo mwanafunzi huweka methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akapewa alama zake. Mwingine husema kwamba sababu ni uasherati, naye hupewa alama. Methali haina kosa, ila imepelekwa mahali si pake. Rosa alifunzwa na mamaye. Kama yupo mtu katika nyumba ile aliyejitahidi kuutimiza wajibu wake, basi ni Regina. Ama walimwengu waliomfunza Rosa mengine, baadhi yao walikuwa watu wenye vyeo na heshima zao, akiwamo mkuu wa chuo cha ualimu, yaani mwalimu wa walimu, aliyemfanya hawara badala ya mwanafunzi. Ajabu ni kwamba katika majibu mengi ya wanafunzi mkuu huyo hatajwi hata kidogo, na katika miongozo mingi hutajwa kwa mstari mmoja. Sisi walimu tuna sababu ya kulisoma tukio hilo kwa makini zaidi ya wasomaji wengine.

Tukiisoma riwaya polepole, twaona kwamba kifo cha Rosa hakina sababu moja. Kuna hofu aliyotoka nayo nyumbani. Kuna upweke wa shuleni, ambako wenziwe wanamcheka kwa kuwaogopa wanaume, na kicheko hicho kikafanya kazi ambayo viboko vya baba havikuweza kuifanya. Kuna mimba, na kuitoa, na siri ya kuitoa. Kuna juhudi yake ya kweli ya kurudi katika maisha mengine, jambo ambalo wanafunzi hulisahau kwa kuwa linaiharibu hadithi yao ya msichana aliyepotoka. Halafu kuna Charles, kijana yule yule wa barua, anayemchumbia na kumwacha baada ya kuyajua yaliyopita. Mambo haya yamefungamana kama ukili; ukiuvuta uzi mmoja na kusema huu ndio, umeuharibu mkeka. Madaktari wanaoshughulika na vifo vya namna hii husema vivyo hivyo juu ya watu walio hai: kwamba kujiua hakutokani na tukio moja, ila tukio la mwisho ndilo lionekanalo na majirani.

Tunaomba msomaji aihesabu riwaya upya kwa hesabu nyingine. Ni watu wangapi wanaomwambia Rosa afanye hivi au asifanye vile? Ni wengi: baba, walimu, wenzake wa bwenini, wapenzi. Na ni wangapi wanaomwuliza ana hali gani, kisha wakangoja jibu? Sisi tumewatafuta, na idadi tuliyoipata haihitaji vidole vya mikono miwili. Mwandishi mwenyewe, twaamini, alilijua jambo hili, ndiyo maana hakuridhika kuimaliza hadithi kaburini. Anawapeleka Rosa na Zakaria mbele ya Mungu, washitakiane. Sehemu hiyo imelaumiwa kuwa haioani na uhalisi wa riwaya nzima. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini tukumbuke kwamba mahakama ile ya mbinguni ndipo mahali ambapo Rosa anapata kusikilizwa mashitaka yake. Mwandishi alilazimika kumvusha mhusika wake upande wa pili wa kifo ili ampatie msikilizaji. Huo ni ushahidi mzito juu ya upande huu wa kwanza, na hatujapata kuona mwongozo unaoutaja.

Kazimoto amefikwa na balaa ya namna nyingine. Rosa alipewa methali. Kazimoto alipewa falsafa. Kwa kuwa Kichwamaji imejaa tafakari juu ya maana ya maisha, kuwako kwa Mungu na upweke wa msomi kati ya watu wake, wahakiki waliiweka, na kwa haki, katika mkondo wa udhanaishi. Neno hilo lilipofika shuleni likageuka kifuniko cha chungu. Kwa nini Kazimoto alijiua? Kwa sababu ni mdhanaishi. Mwanafunzi hupata alama, chungu kimefunikwa, na hakuna aliyetazama kilichomo.

Kilichomo ni misiba. Kazimoto anampoteza dada yake, Rukia, baada ya dada huyo kuharibiwa maisha na Manase, rafiki wa Kazimoto tangu utotoni. Anampoteza mama. Anaoa, na mtoto wake na Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida, kama alivyozaliwa mtoto wa Manase. Mtu huyu amefiwa na kufiwa tena, na katika riwaya nzima hapati nafasi ya kulia vizuri. Anafikiri badala ya kulia. Twathubutu kusema kwamba fikra nyingi za Kazimoto zinazochukuliwa kuwa falsafa ni huzuni iliyokosa njia nyingine ya kutokea, na kwamba msomaji akiijua huzuni hiyo kwa jina lake, riwaya haipungui ukubwa. Udhanaishi haufutiki; unapata mwili. Na kijana wa kidato cha tano aliyefiwa na wazazi wawili, ambaye amekaa katika dawati la nyuma akiyasoma maneno ya Kazimoto na kuyaona kuwa ni yake, hatabaki na fundisho kwamba watu wenye akili nyingi hufikia mwisho ule. Fundisho hilo ni la hatari kwa sababu linamsifu. Kijana mwerevu hapendi kuitwa mgonjwa, ila hupenda kuitwa mwanafalsafa.

Yupo na wa tatu, ingawa si kijana: Okonkwo, aliyetujia kwa Kiswahili mwaka 1973 katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya kitabu cha Chinua Achebe cha mwaka 1958. Huyu hatutakaa naye sana. Tunamtaja kwa sababu mwishoni mwa kitabu kile pana somo ambalo halifundishwi. Watu wa kijiji hawawezi kuugusa mwili wake, kwa kuwa kifo cha namna ile ni chukizo kwa ardhi. Rafiki yake Obierika analia kwa hasira. Naye Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, anatembea akiwaza kwamba kisa cha mtu huyu kingeweza kujaza sura nzima katika kitabu anachokusudia kuandika, kisha anakata shauri kwamba aya moja yatosha. Achebe amewaweka pamoja waitikiaji wote wa kifo hiki: mila inayoutupa mwili, rafiki anayejua kilichotangulia, na mgeni mwenye aya moja. Mhakiki wa Rosa mwenye methali yake moja ameketi upande gani?

Tusidhani kwamba chukizo hili ni la Waafrika peke yao. Katika Buganda ya zamani, kama alivyoandika John Roscoe katika kitabu chake cha mwaka 1911, mwili wa aliyejiua ulipelekwa mbali na makao ya watu na kuchomwa, na mti alioutumia ukachomwa pamoja naye. Uingereza nako walizikwa njia panda, hadi sheria ya mwaka 1823 ilipoikomesha desturi hiyo. Waingereza walipotutungia Kanuni za Adhabu, walikuwa bado wanahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, wakaliandika kosa hilo Uganda, Kenya na Tanganyika. Walilifuta kwao mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, lakini sisi tukabaki nalo katika mirathi. Kenya ilingoja hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu ni kinyume cha Katiba. Twayasema haya kwa kuwa sheria ni sehemu ya lugha. Kijana aliyenusurika na kuambiwa kwamba ana kesi ya kujibu hatarudi kusema akizidiwa mara ya pili, wala wazazi wake hawatampeleka kwa mganga wa hospitali kabla hawajahakikisha kwamba polisi hawajui.

Hata bila sheria, lugha zetu zina hukumu yake. Katika Kiswahili twasema kujiua. Waganda husema okwetta. Muundo ni huo huo wa kitenzi cha kuua kilichotiwa kiambishi cha kujirejea. Mwuaji na aliyeuawa ni mtu mmoja. Hatuoni haja ya kulibadili neno, maana neno lililo wazi ni bora kuliko mafumbo, na baadaye tutaonyesha kwa nini lahitajika. Lakini mwalimu wa sarufi anaweza kuwaonyesha wanafunzi kwamba kitenzi hiki kinamtaja mtendaji mmoja tu, na kwamba kazi ya hadithi ndefu ni kuwarudisha wale ambao sarufi imewaacha nje.

Neno tunaloliogopa zaidi ni jingine, dogo na la kila siku: kisa. Hapo kale kisa ni hadithi, masimulizi yenye mwanzo na mwendo wake. Na bado twasema visa na mikasa. Wahariri wa magazeti wamelichukua neno hili na kulifanya kiunganishi cha sababu. Fulani ajiua, kisa mapenzi. Mwanafunzi ajiua, kisa mtihani. Neno lililokuwa na maana ya hadithi nzima limekuwa na maana ya kukata hadithi. Wasomaji wetu wafanye jaribio: wachukue vichwa vya habari vya namna hii na kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika maswali kumi ambayo habari haikuyajibu. Zoezi hilo lina faida ya lugha na lina faida nyingine.

Kwani namna habari zinavyoandikwa haina upande. Mjini Vienna, nchini Austria, reli ya chini ya ardhi ilianza kazi mwaka 1978, na katika miaka ya 1980 magazeti ya huko yakawa yanaandika kwa mbwembwe na kwa picha habari za watu waliojiua humo. Vifo vikaongezeka. Mwaka 1987 wataalamu waliwaandalia waandishi mwongozo: habari zisikae ukurasa wa kwanza, njia iliyotumika isielezwe, sababu isirahisishwe, na msomaji aambiwe kwamba msaada upo. Magazeti yalikubali, na katika muda wa miezi michache matukio katika reli ile yalipungua kwa zaidi ya nusu. Haya yanajulikana sana kwa wataalamu wa afya. Walimu wa fasihi hatujayapa nafasi, ilhali mzizi wa jambo lenyewe umo katika fasihi. Mwaka 1774 Goethe alichapa riwaya juu ya kijana Werther aliyejiua kwa mapenzi. Vijana wa Ulaya walivaa koti la buluu na fulana ya manjano kama yake, na wakuu wa mji wa Leipzig waliipiga marufuku mwaka uliofuata, kwa hofu kwamba vijana wangemfuata hata katika kifo. Mtafiti wa Marekani, David Phillips, alipochunguza mwaka 1974 jinsi vifo vinavyoongezeka baada ya magazeti kutangaza habari za kujiua, aliliita jambo hilo kwa jina la Werther.

Hapa wapo watakaotuambia: basi na turudishe marufuku, Rosa atolewe shuleni. La, hasha. Marufuku ilikwisha kujaribiwa. Kitabu kilichofichwa husomwa usiku kwa tochi, bila mwalimu, na sura inayosomwa kwanza ni ile iliyokatazwa. Tunachosema ni kwamba sura ile isisomwe kwa sauti kama onyesho la jukwaani, wala mwanafunzi asiulizwe kwa alama mbili alitumia njia gani. Swali la namna hiyo tumeliona katika karatasi za majaribio zaidi ya mara moja, na halina thamani yoyote ya kifasihi.

Kisa cha pili kutoka huko huko Austria hakijulikani sana kwetu, nacho chatupa hoja yetu kubwa juu ya riwaya za Kiswahili. Katika opera ya Mozart ya mwaka 1791 iitwayo Die Zauberflöte, yumo mwindaji ndege, Papageno, mtu wa kuchekesha, ambaye amekata tamaa ya kumpata mpenzi wake na amekwisha kuamua kufa. Watoto watatu wanatokea na kumkumbusha kwamba anazo kengele zake, azipige. Anazipiga, na mpenzi anakuja. Watafiti wa Vienna walionyesha mwaka 2010 kwamba habari za mtu aliyefikiria kujiua kisha akaipita saa ile mbaya kwa njia nyingine, zikiandikwa bila kutangaza kifo, huenda pamoja na kupungua kwa vifo. Waliita matokeo hayo kwa jina la Papageno.

Sasa tuulize: Papageno wa riwaya ya Kiswahili ni nani? Tumejaribu kumtaja, na kila tulipofikiri tulirudi kwa Rosa na Kazimoto. Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaomsifu Kezilahabi bila kipimo. Alikuwa na ujasiri wa kutazama mahali ambapo wenzake walifumba macho, na hilo halifutiki. Lakini katika riwaya hizi mbili kifo kinafika kama jawabu la hesabu, kana kwamba mambo yale yakijumlishwa hayawezi kutoa jumla nyingine. Maisha hayasemi hivyo. Walio wengi kati ya waliofika ukingoni na kunusurika hawafi baadaye kwa njia hiyo. Wanazeeka, wanalea, wengine ni walimu. Riwaya ya mtu huyo, iliyo na ugumu wote wa asubuhi inayofuata, aibu ya kurudi kijijini, mama asiyejua aseme nini, haijapata nafasi katika orodha zetu za vitabu. Ingekuwa ngumu kuiandika kuliko ile yenye kifo, maana kifo humpa mwandishi ukurasa wa mwisho bila taabu.

Tunakuja sasa kwenye insha, na hapa tunaomba tuvumiliwe tukikawia. Mwalimu wa hisabati haletewi moyo wa mwanafunzi kila Ijumaa katika daftari. Sisi tunaletewa. Tena sisi tufundishao Kiswahili Uganda, ambako tangu mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi, tunaletewa kwa namna ya pekee: kwa wengi wa wanafunzi wetu Kiswahili si lugha ya nyumbani, na wazazi wengi hawakisomi. Mwanafunzi huweza kuandika kwa Kiswahili jambo ambalo katika lugha ya mama lingemchoma ulimi. Akipewa mada kama maisha ya baadaye, ataandika kwamba hana. Ataandika, nimechoka. Ataandika, bora nisingezaliwa, au, mtanikumbuka. Mwalimu aliyechoka, mwenye madaftari mia na ishirini, hukuta hapo kosa moja la upatanisho wa ngeli na kulipigia mstari mwekundu.

Neno nimechoka laweza kuwa la mtu aliyelima. Laweza kuwa la mtu anayeaga. Kiswahili hakitofautishi, na hakuna kamusi itakayomsaidia mwalimu; itakayomsaidia ni kuuliza. Awe macho zaidi pale maneno hayo yanapoandamana na mambo mengine: mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu amejitenga, halali, masomo yake yameshuka kwa ghafla, anawagawia wenzake vitu avipendavyo, anaomba radhi kwa mambo ya zamani. Hata utulivu unaokuja ghafla baada ya majuma ya huzuni haufai kupokelewa kwa furaha ya haraka.

Na aulize vipi? Wengi huamini kwamba kulitaja jambo ni kulipanda. Uchunguzi wa wataalamu umeonyesha kinyume chake: kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo asilokuwa nalo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Ndiyo maana tulisema neno lililo wazi lahitajika. Swali la mzunguko, kama vile, huna mawazo mabaya, siyo, tayari limebeba jibu lake. Mwanafunzi mwenye adabu atajibu, hapana mwalimu, na kuondoka. Mwalimu aketi naye mahali pa faragha, ampe kiti, aseme kwamba ameisoma insha na kwamba maneno fulani yamemkaa moyoni, kisha aulize: Mwanangu, je, umekuwa ukifikiria kujiua? Halafu anyamaze. Kunyamaza huku ni kugumu kwetu kwa sababu kazi yetu ni kusema. Asikimbilie kumhubiria, wala asimwambie kwamba wengine wana shida kubwa kuliko zake, wala asimkumbushe karo ambayo wazazi wamelipa. Jibu likiwa ndiyo, asimwache peke yake, na asikubali kuifunga siri hiyo kwa kiapo; amwambie kwa upole kwamba mzigo huu unahitaji mikono zaidi, kisha amshirikishe mlezi wa wanafunzi, mzazi au ndugu ambaye mwanafunzi mwenyewe anamwamini, na wamfikishe kituo cha afya. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mara nyingi mfichaji ni ukoo mzima, ukihofia jina lake.

Kuna na jambo moja lisilo la lugha ambalo hatuwezi kuliruka. Saa ile mbaya mara nyingi ni fupi, na mtu asipopata njia karibu huipita. Sri Lanka ilipozuia hatua kwa hatua dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa karibu asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Watu wale hawakuondolewa huzuni zao, waliondolewa chupa. Shule zenye mashamba, nazo ni nyingi, zichunguze leo hii dawa zao zimewekwa wapi na ufunguo ana nani.

Turudi darasani, kwani ndiko tulikotoka. Hatupendekezi somo jipya. Ratiba imekwisha kujaa. Twapendekeza kwamba swali lile la zamani, eleza sababu ya kifo cha Rosa, liachwe. Mahali pake liwekwe kama hili: Taja mahali patatu katika riwaya ambapo mtu angeweza kumsikiliza Rosa, na kwa kila mahali andika mazungumzo ambayo yangefanyika. Kwa Kichwamaji: Andika barua ambayo rafiki wa Kazimoto angemwandikia baada ya msiba wa Rukia. Maswali haya yanadai mwanafunzi aijue riwaya vizuri kuliko yale ya zamani, na hayajibiki kwa methali. Yanampa pia nafasi ya kutunga maneno ambayo pengine siku moja atayahitaji kwa jirani yake wa bwenini. Wapo watakaosema kwamba huko ni kutoka nje ya matini. Lakini wahakiki wamekuwa wakitoka nje ya matini kwa ajili ya tabaka, dini na siasa, na matini hayakulalamika.

Walimu waliokwisha kujaribu maswali ya aina hii, katika riwaya hizi au katika tamthilia kama Juliasi Kaizari, ambamo Porshia, Kasio na Bruto wanakufa kwa mikono yao na hatuwaulizi wanafunzi neno, watuletee maswali yao pamoja na baadhi ya majibu, majina ya wanafunzi yakiwa yameondolewa. Tutayachapisha katika kurasa hizi.